Rangi ya Makabati na Miimo Inapoharibika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kopo Jingine

Kabati la jikoni lililopakwa rangi upya linapoanza kubanduka kabla ya mwaka kwisha, neno la kwanza linalosikika katika nyumba nyingi za Bukavu ni kwamba rangi ilikuwa ya bandia. "Papa fundi, wale wa kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) walituuzia maji," husema mama mwenye nyumba, na fundi, ambaye hana haja ya kuikataa lawama isiyomwangukia, hukubali upesi. Rangi mbovu zipo, hilo halikanushwi. Lakini rangi mbovu huwa mbovu kila ilipopakwa: haifuniki, hupauka, hutoka unga mtu akiipitishia kiganja, na hufanya hivyo kwenye mlango wa juu kama kwenye mlango wa chini. Kasoro inayojitokeza kwenye mlango ulio karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, pekee, au kwenye ubao wa chini ya ukuta wa bafu pekee, haikutoka kwenye kopo. Ilikuwa kwenye mbao, au hewani, au katika haraka ya aliyepaka, na kopo jipya likimwagwa juu yake litaharibika kwa namna ileile.

Wapi, lini, na tabaka gani

Kabla ya kugusa msasa, mwenye kutafuta chanzo anapaswa kujua mambo matatu. La kwanza ni mahali: kasoro imeenea kote, au imekaa karibu na maji, karibu na moto, mahali mikono inaposhika? La pili ni wakati. Kasoro iliyoonekana brashi ikiwa bado mkononi hutokana na uso uliopakwa au na kiyeyushio, yaani kimiminika cha kulegezea rangi, kilichotumika. Iliyoonekana baada ya siku chache huhusu ukaukaji. Iliyoonekana baada ya mvua za kwanza za Septemba huhusu maji.

Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote na ndilo linalorukwa mara nyingi, ni tabaka. Inua gamba moja la rangi kwa ncha ya kisu, ligeuze, utazame mgongo wake mahali penye mwanga. Mgongo ukiwa msafi na laini kama kioo, rangi mpya haikushikamana na ya zamani hata kidogo. Mgongo ukiwa na rangi ya zamani iliyong'oka pamoja nayo, rangi mpya haina kosa: ile ya zamani ndiyo iliyokuwa imeachana na mbao, na mpya ilipokauka na kujivuta iliimalizia kuing'oa. Ukiona nyuzi za mbao au unga wake, mbao yenyewe ilikuwa imechoka kwa jua au kwa maji. Ukiona mafuta, au weusi wa masizi, huhitaji kuendelea kutafuta.

Ni vyema pia kujua rangi ya zamani ilikuwa ya aina gani. Lowesha kitambaa cheupe kwa alkoli ya kuchomea, sugua mahali pamoja kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Rangi ya maji hulainika na kuacha rangi yake kwenye kitambaa, ilhali rangi ya mafuta iliyokomaa haitikisiki. Jibu hili litahitajika mbele.

Onyo moja liwekwe hapa. Katika nyumba za zamani, zile zilizojengwa wakati wa ukoloni katika mitaa ya Muhumba na Nyawera hapa Bukavu, miimo ya milango na fremu za madirisha zina matabaka mengi yaliyolaliana, na yale ya chini kabisa huenda yana risasi, madini yaliyokuwa yakitumika sana katika rangi za mafuta za wakati huo. Rangi ya namna hiyo haichomwi kwa moto wala haisuguliwi ikiwa kavu. Hulowanishwa, husuguliwa kwa msasa wa maji, vumbi lake hukusanywa kwa kitambaa chenye maji, na watoto hukaa mbali mpaka sakafu ipigwe deki.

Rangi inayobanduka kwa ukucha

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote jikoni, na chanzo chake karibu kila mara ni mafuta. Jiko linalotumia makala, yaani makaa, hutoa masizi membamba, na mawese au mafuta mengine yanayokaangwa hupanda na mvuke. Viwili hivyo vikikutana hufanya utando usioonekana juu ya milango ya makabati, mzito zaidi kandokando ya vishikizo na kwenye ukingo wa juu ambao hakuna anayeufuta. Rangi hukauka juu ya utando huo, si juu ya mbao.

Kosa linalofuata ni la mpangilio. Mafundi wengi huanza na msasa, wakiamini kwamba utaondoa uchafu wote. Msasa hauondoi mafuta: huyasukuma ndani ya mikwaruzo yake wenyewe na kuyaeneza hadi mahali palipokuwa safi. Kwanza huoshwa, kisha husuguliwa. Maji ya moto yenye sabuni ya unga kali, au magadi ya kuoshea, yanatosha, mradi kila mlango usuuzwe mara mbili kwa maji safi, kwa sababu sabuni iliyobaki huzuia rangi kushika kama mafuta yanavyozuia. Ukitaka kujua kama uso umekuwa safi, nyunyiza maji. Yakitandaa kama utando mmoja, endelea; yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo.

Baada ya kukauka ndipo msasa huingia, namba 120 kwa rangi ya zamani iliyo ngumu, kisha 180 au 220 kulainisha. Lengo si kuitoa rangi ya zamani bali kuuvunja mng'ao wake, na kazi imekamilika pale mlango ukishikwa mshazari kwenye mwanga wa dirisha hauonyeshi tena sehemu inayong'aa. Pembe za fremu zilizochongwa ndizo husahaulika, na ndizo hubanduka kwanza. Kama rangi ya zamani ni ya mafuta na mpya ni ya maji, kusugua peke yake hakutoshi. Panahitajika rangi ya msingi ya kushikilia, ile inayouzwa kwa ajili ya nyuso ngumu. Formika nayo, yaani karatasi ngumu laini inayobandikwa juu ya mbao, hata ikisuguliwa vizuri, haipokei rangi ya kawaida bila msingi huo.

Kama ni baadhi tu ya milango inayobanduka, je, mingine ivuliwe rangi yote? Kata kwa wembe mistari sita iliyoachana milimita 2, kisha mingine sita inayoikata, ili vipatikane vimiraba. Bandika utepe wa gundi juu yake, ukandamize, uung'oe kwa mkupuo mmoja. Vimiraba vichache vikitoka pembeni tu, rangi hiyo inaweza kubaki na kupakwa juu. Vikitoka kwa mafungu, ivuliwe yote, kwa sababu kila mkono mpya, yaani tabaka jipya la rangi, utakaoongezwa utazidi kuivuta.

Malengelenge

Lengelenge hupasuliwa, halipigwi msasa kwanza. Likiwa limeinuka mpaka kwenye mbao tupu, kuna maji nyuma yake. Likiwa limeinuka kati ya tabaka na tabaka, chanzo ni joto au haraka: mlango ulipakwa ukiwa juani, uso ukafunga ngozi kabla kiyeyushio cha chini hakijatoka, au mbabula imewekwa chini ya kabati na joto lake linapiga ubao kila jioni. Kwa hali hii ya mwisho hakuna rangi ya nyumbani itakayovumilia, na dawa ni kuisogeza mbabula au kupigilia bati kwenye sehemu ya chini ya kabati, likiachwa nafasi ya hewa kati ya bati na mbao.

Malengelenge ya maji yana hila zaidi, hasa kwenye plinti, yaani ubao unaozunguka chini ya ukuta, na kwenye miimo ya mlango wa bafu. Bukavu imejengwa kwenye miteremko, na nyumba nyingi zina ukuta wa nyuma unaoegemea udongo wa mlima; maji ya mvua huupenya ukuta huo na kuingia kwenye ubao kwa upande usioonekana. Ukitaka kutenganisha maji ya ukuta na mvuke wa chumba, bandika kipande cha plastiki ukutani juu kidogo ya plinti, uzibe pande zote nne kwa utepe, ukiache kwa saa 24. Unyevu ukipatikana nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani, na kupaka rangi kabla ya kuchimba mtaro nje ya nyumba ni kupoteza fedha. Ukipatikana mbele yake, ni mvuke wa kuoga na kupika usio na pa kutokea.

Chanzo cha tatu ni mbao mbichi. Mkaratusi unaopasuliwa vilimani huuzwa mara nyingi ukiwa haujakauka, na fundi seremala mwenye wateja wanaosubiri huufanya mlango wiki hiyohiyo. Mbao za ndani zisipakwe rangi kama unyevu wake umezidi kiasi cha asilimia 15. Asiye na kipimo anaweza kupima uzito wa kipande kimoja kwenye mizani ya dukani leo na baada ya wiki moja. Kikiendelea kupungua, mbao bado inatoa maji.

Madoa yanayorudi kila ukipaka

Doa la manjano au la kahawia linalojitokeza tena baada ya mkono wa pili na wa tatu halifunikwi kwa wingi wa rangi. Kitu fulani kilicho chini kinayeyuka katika rangi mpya na kupanda nayo, na umbo la doa hutaja jina lake. Doa la mviringo linalonata kidogo, likiwa mahali palepale kila mara, ni kifundo cha mbao kinachotoa utomvu; msonobari na miti ya jamii yake ndiyo yenye tabia hiyo zaidi. Mistari inayofuata nyuzi za mbao ni tanini, kemikali ya asili ya mbao yenye rangi ya kahawia, ambayo mkaratusi unayo kwa wingi, na rangi ya maji ndiyo huivuta juu kwa sababu tanini huyeyuka majini. Kivuli kisicho na mipaka kilichotanda juu ya jiko ni moshi wa miaka. Nukta ndogo ya rangi ya kutu katikati ya ubao ni kichwa cha msumari.

Moshi, tanini na utomvu hufungwa kwa rangi ya msingi ya kuzuia madoa, ya mafuta au ya shelaki. Maseremala wanaong'arisha samani wanaifahamu shelaki: hununuliwa ikiwa vipande vyembamba vya rangi ya asali na kuyeyushwa katika alkoli. Mikono miwili myembamba juu ya kifundo, kikiwa kimefutwa kwanza kwa kiyeyushio, hutosha mara nyingi. Msumari hukwanguliwa mpaka chuma kionekane, huzamishwa kidogo, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha tundu huzibwa kwa mastiki, yaani uji mzito wa kuzibia matundu na nyufa. Na mastiki nayo ipakwe rangi ya msingi, kwani hunywa rangi kuliko mbao na huacha mabaka yaliyofifia ambayo wengi huyachukua kuwa ni madoa.

Rangi isiyokauka

Mlango unaoacha alama za vidole baada ya siku tano una sababu nne zinazowezekana, na hali ya hewa ndiyo husingiziwa zaidi. Ni kweli kwamba Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, huipa Bukavu asubuhi zenye ubaridi na unyevu. Aliyejifunza kazi hii Lubumbashi, ambako kiangazi ni kirefu na hewa yake ni kavu, atashangazwa na jinsi rangi ya mafuta inavyochelewa hapa kuanzia Septemba hadi Mei. Rangi nyingi hazipaswi kupakwa unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na hiyo ni asubuhi ya kawaida ya Aprili. Basi huanzwa saa nne, ukungu ukiwa umeondoka, na huachwa mapema alasiri ili uso ufunge kabla ya ubaridi wa jioni. Anayeweza kusubiri Juni hadi Agosti na asubiri. Hata hivyo, hewa huchelewesha tu. Haizuii rangi kukauka moja kwa moja.

Kinachozuia, mara nyingi, ni mafuta ya taa. Hutumika kuilegeza rangi kwa sababu ni rahisi kupatikana kuliko waitispiriti, kiyeyushio cha kawaida cha rangi ya mafuta, lakini hutoka polepole mno na huacha unato ndani ya rangi. Sababu nyingine ni unene: rangi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni kutoka juu kwenda chini, na mkono mzito hufunga ngozi juu huku chini ukibaki laini kwa wiki kadhaa. Mikono miwili myembamba iliyoachana saa 24 hushinda mmoja mnene.

Sababu ya nne haijulikani na wengi, nayo ni muvula, yaani mvule. Mbao hii nzuri, inayopendwa kwa miimo na milango kwa kuwa mchwa hawaiwezi, ina kemikali za asili zinazoizuia rangi ya mafuta na vanishi kukomaa. Kama plinti za mkaratusi zimekauka na mwimo wa muvula uliopakwa siku hiyohiyo, kutoka kopo hilohilo, bado unanata, jibu limepatikana. Rangi hiyo hukwanguliwa, mbao hufutwa kwa kitambaa chenye kiyeyushio, hufungwa kwa shelaki, ndipo hupakwa tena.

Kwa sababu zile nyingine, fungua madirisha na usubiri wiki nzima. Ukucha ukiendelea kuzama, rangi haina budi kukwanguliwa. Kupaka juu ya rangi laini ili kuuficha unato huleta nyufa, kwa kuwa tabaka la juu hukauka na kujivuta juu ya kitu kinachotembea.

Milango iliyopakwa rangi ya maji yaweza kuonekana mikavu kabisa na bado igande kwenye fremu ikifungwa usiku. Hapo hakuna kosa. Rangi ya maji hukauka mguso baada ya saa chache lakini huhitaji hadi siku 30 kukomaa, na katika muda huo milango iachwe wazi kidogo, au kingo zinazokutana zipakwe nta ya mshumaa.

Kasoro zinazoonekana brashi ikiwa mkononi

Rangi ikijikunja kama ngozi ya mzee dakika chache baada ya kupakwa, kiyeyushio ni kikali kuliko tabaka la chini. Hutokea tineri ya magari, ile ya gereji, inapochanganywa kwenye rangi inayopakwa juu ya rangi ya mafuta ambayo bado ni changa. Kwangua, acha ile ya chini ikomae, na utumie kiyeyushio kilichoandikwa kwenye kopo.

Vijishimo vya duara ambavyo rangi inavikimbia ni mafuta au silikoni. Silikoni, gundi laini ya kuzibia maji, huzungushwa kwenye karo na beseni, na fundi aliyeigusa kisha akafuta mlango kwa kitambaa kilekile amekwisha kuieneza. Kupitisha brashi tena na tena hakusaidii. Acha ikauke, sugua, osha kwa kiyeyushio huku ukibadilisha kitambaa mara kwa mara.

Mitiririko hutokana na brashi iliyojaa kupita kiasi, hasa pembeni mwa fremu, na huondolewa kwa msasa ikishakauka kabisa, si kwa kidole. Milango inayoondolewa kwenye bawaba na kulazwa haitiririki hata kidogo; iandikwe namba nyuma ya bawaba, la sivyo kuirudisha kutachukua muda kuliko kuipaka.

Nyufa, ukungu na manjano

Ufa mwembamba kwenye maungio ya fremu, au kati ya plinti na ukuta, ni mbao inayojinyoosha na kujivuta kadiri msimu unavyobadilika. Mastiki ngumu hupasuka tena. Tumia mastiki laini ya akriliki ya kwenye tyubu, inayokubali rangi. Silikoni ya kawaida haiikubali.

Weusi wa bafuni unaweza kuwa ukungu au uchafu tu. Tone la maji ya javeli, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, huamua: ukungu hupauka ndani ya dakika moja au mbili, masizi hubaki yalivyo. Ukungu huoshwa kwa sehemu moja ya javeli na tatu za maji, huachwa robo saa, husuuzwa na kukaushwa. Javeli isichanganywe kamwe na dawa za choo zenye tindikali wala na amonia, kwani mvuke wake huumiza mapafu. Bafu lisilo na tundu la hewa litaota ukungu tena juu ya rangi yoyote ile, kwa hiyo tundu litangulie rangi.

Rangi nyeupe ya mafuta inayogeuka manjano ndani ya kabati, ilhali upande wa nje umebaki mweupe, haijaharibika. Rangi za namna hii huhitaji mwanga ili zibaki nyeupe, na gizani hugeuka. Anayechukizwa na jambo hilo apake ndani kwa rangi ya maji ya akriliki, akikumbuka msingi wa kushikilia.

Imebaki hali moja ambayo rangi haiiwezi. Tripleksi, yaani ubao wa matabaka membamba yaliyogundishwa, au ubao wa vumbi la mbao ulio chini ya karo ukishavimba na kuachana matabaka, hakuna mastiki wala msasa utakaourudisha. Kipande hicho hubadilishwa. Kabla ya kupigilia kipya, kaza kiungo cha bomba kinachovuja, kisha paka kingo nne za ubao mikono miwili ya rangi ya msingi ya mafuta, pamoja na tundu linalopitisha bomba, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo na si kwenye uso, na kingo hizo hazifikiki tena ubao ukishakaa mahali pake.